Hamri Moja, Mafunzo Mawili: Sukari, Protini na Kuzeeka kwa Mwili

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama kawaida nakuomba uvute kiti, uketi, na kama una kalamu iwe karibu, kwa sababu leo kuna tarakimu mbili tatu za kuandika.

Leo tutazungumza juu ya kuzeeka. Sisemi mvi wala makunyanzi, maana hayo ni heshima ya umri. Nasema kuzeeka kwa ndani: mishipa ya damu inayokakamaa, macho yanayoingia ukungu, figo zinazochoka, miguu inayokufa ganzi. Wako watu wa miaka 45 wenye miguu ya mtu wa miaka 70, na wako wazee wa miaka 70 wanaopanda na kushuka njia ya feri bila kuhema. Kwa nini wazeeke tofauti? Jibu moja kubwa, msikilizaji, limo jikoni mwako, ndani ya hamri.

Nilikuwa Mtongwe katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba, nikapita kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Akanikaribisha, kisha akaniambia: "Sista, mimi na dada yangu tumepishana miaka miwili, na yeye ndiye mkubwa. Lakini tukisimama pamoja watu hudhani mimi ndiye mamake. Macho yangu yana ukungu, na usiku nyayo zinaniwaka moto. Nimerogwa ama ni uzee tu?"

Nikamuuliza: "Mama, umewahi kupimwa sukari?"

Akacheka. "Sukari itoke wapi? Mimi hata sodo siinywi. Chai yangu vijiko vitatu tu."

Nikampima pale pale kwa tone la damu ya kidole. Kifaa kikasoma 17. Mtu mwenye dalili kama zake, akipimwa wakati wowote na kupatikana na 11.1 au zaidi, ana kisukari. Mama yule alikuwa nacho, na huenda alikuwa nacho kwa miaka bila kujua. Wala si peke yake. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo somo letu la leo. Akasema: "Sasa sukari inamzeeshaje mtu?" Nikalitazama beseni lake la unga lililofunikwa kitambaa, nikamwambia, "Mama, jibu umelikanda wewe mwenyewe."

Fuatana nami msikilizaji. Hamri lina mafunzo mawili. La kwanza ni la kuumuka, la pili ni la kuwa kahawia.

Tuanze na kuumuka. Unatia unga, sukari, iliki, tui la nazi na hamira. Unakanda, unafunika, unangoja. Baada ya muda unga umepanda. Nani ameuinua? Hamira si unga mkavu tu kama magadi. Ni viumbe hai. Katika kijiko kimoja cha hamira mna viumbe vingi kuliko watu wote wa Kenya, na kila kimoja ni chembe hai moja tu, au seli kama wanavyofundishwa watoto shuleni. Ukivitia maji ya vuguvugu na sukari vinaamka, vinakula, vinatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga. Jamaa zake ndio wanaofanya kazi ndani ya kibuyu cha mgema. Tembo la asubuhi ni tamu kwa sababu sukari ya mnazi bado imo. La jioni ni kali kwa sababu sukari imeliwa ikageuzwa pombe.

Sasa utashangaa kusikia kwamba hamira nayo huzeeka. Chembe mama huzaa kwa kuchipua: mtoto hutokeza ubavuni, hukua, kisha hukatika na kwenda zake, akimwachia mama kovu. Mwaka 1959 watafiti wawili huko Marekani, Mortimer na Johnston, walikaa na hadubini wakawahesabia mama wa hamira watoto wao, mmoja baada ya mwingine. Wakaona kwamba mama wa kawaida huzaa watoto ishirini na kitu, kisha hukoma, na hufa. Basi wataalamu wakapata njia rahisi ya kusoma uzee: badala ya kungoja binadamu miaka 80, wanaitazama hamira kwa siku chache.

Mwaka 2000 watafiti wengine wa Marekani waliipa hamira chakula chenye sukari kidogo. Kawaida ya maabara ni sukari asilimia 2. Wao waliipunguza hadi nusu asilimia. Hamira iliyopewa sukari kidogo iliishi zaidi, yaani mama walizaa watoto wengi zaidi kabla ya kufa. Kiumbe ni kile kile. Kilichobadilika ni wingi wa sukari.

Chembe moja isiyo na macho wala ubongo inajuaje kwamba sukari imepungua? Hapa ndipo penye siri, na nitaieleza kwa mfano wa bandarini, maana wengi wetu tuna baba, mjomba au mume aliyefanya kazi Kilindini.

Zamani magunia yakishushwa melini, karani alipita na chaki. Gunia lenye alama hii linakwenda ghala hili, lenye alama ile linapandishwa treni. Akifuta alama na kuweka nyingine, gunia hubadilisha njia. Gunia ni lile lile, mzigo ni ule ule, lakini alama ndiyo inayoamua.

Ndani ya chembe hai, magunia hayo ni protini. Tukisikia protini tunafikiria maharagwe, samaki na mayai, nayo ni sawa, maana ndiyo malighafi yake. Lakini ndani ya mwili protini ndizo wafanyakazi. Ziko zinazovunja sukari, ziko zinazojenga, ziko zinazofagia takataka. Na namna chembe inavyoziamuru ni kuzibandika alama. Mara hubandikwa kipande kidogo cha fosfeti, mara kipande kidogo cha asetili, na kila alama ina kimeng'enya cha kuibandika na kingine cha kuifuta. Wataalamu wawili, Edmond Fischer na Edwin Krebs, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kugundua jinsi alama ya fosfeti inavyowekwa na kuondolewa.

Katika hamira iko protini moja ambayo wataalamu wameipa jina la Snf1. Wewe ifikirie kama nyapara wa zamu. Sukari ikiwa tele, nyapara huyu amelala na chembe inafanya kazi kwa pupa: kula, kuchipua, kula, kuchipua. Sukari ikipungua, nyapara hubandikwa alama ya fosfeti, anaamka. Anaamuru pupa iishe. Chembe inaanza kuchoma taratibu kwa hewa safi kile kilichobaki, na kila tone linatoa nguvu nyingi zaidi.

Na wakati wa njaa chembe hufanya usafi. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliinyima hamira chakula, akaiona kwa hadubini ikikusanya vifaa vyake vilivyochakaa na kuvivunja ili ivitumie upya. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Ni kama nyumba ambayo biashara ikipoa siku moja, ndipo mwenyewe anapata nafasi ya kufagia uvungu wa kitanda.

Huenda unasema, "Sista, hayo ni ya hamira. Mimi ni binadamu." Ni kweli, hamira haina moyo, figo wala macho. Lakini nyapara yule yule, ndugu yake wa damu, yumo ndani ya mwili wako. Kwetu sisi jina lake la maabara ni AMPK. Huamka tunapotumia nguvu nyingi kuliko tulizokula, na hasa misuli inapofanya kazi. Ukitembea kwa haraka, misuli ya miguu humwamsha, na misuli hiyo huanza kuvuta sukari kutoka kwenye damu. Hata metfomini, ile dawa ya kisukari ambayo wengi wenu mnaijua, mojawapo ya njia zake za kufanya kazi hupitia kwa nyapara huyu.

Hilo ndilo funzo la kwanza: mwili una alama za chaki, na wewe unaweza kuzibadilisha leo hii kwa miguu yako na sahani yako. Mwili unaolishwa sukari tangu alfajiri hadi usiku wa manane haupati zamu ya mapumziko.

Twende kwenye funzo la pili.

Mama anakata unga, anatia kwenye mafuta ya moto. Hamri linafura na kuwa rangi ya kahawia. Rangi ile si moto peke yake. Ni sukari inayojibandika kwenye protini za unga na za tui. Mfaransa mmoja aitwaye Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Ndiyo inayotupa harufu ile inayowaita wateja kabla hawajaona sufuria.

Sasa sikiliza vizuri. Jambo hilo hilo linatokea ndani ya mwili wako, hata bila mafuta ya moto. Linatokea polepole, kwa joto la mwili. Sukari iliyomo kwenye damu hujibandika yenyewe kwenye protini, bila karani, bila amri, bila mpango. Nayo ikishakaa, si chaki tena. Ni lami. Kadiri sukari ya damu inavyokuwa juu, ndivyo lami inavyopakwa nyingi.

Protini zinazobadilishwa mara kwa mara hazina hasara kubwa. Lakini ziko zinazokaa miaka mingi: zile za kuta za mishipa ya damu, za ngozi, za figo, na zile za lenzi ya jicho, ambazo nyingine unazaliwa nazo na kuzikwa nazo. Lami ikikusanyika huko, kuta za mishipa zinashikamana na kukakamaa, na lenzi inaanza kuingia ukungu. Hii humpata kila mtu anapozeeka. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa humpata mapema. Ndiyo maana yule mama alionekana mkubwa kuliko dada yake. Hakurogwa. Mwili wake ulikuwa ukipakwa lami kila siku.

Lakini lami hii ina faida moja: inaweza kupimwa. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Tehran, Samuel Rahbar, alikuwa akichunguza damu akagundua kwamba wagonjwa wa kisukari wana himoglobini isiyo ya kawaida. Himoglobini ndiyo protini inayoipa damu wekundu. Baadaye ikajulikana kwamba ni himoglobini ya kawaida iliyobandikwa sukari. Na kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 kisha ikafa, ukipima ni asilimia ngapi ya himoglobini imeshikwa na sukari, unapata habari za miezi miwili mitatu iliyopita. Hiki ndicho tunachokiita kipimo cha miezi mitatu. Kwenye karatasi ya maabara huandikwa HbA1c. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Kwa wengi walio kwenye dawa tunalenga chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kukuwekea lengo tofauti kulingana na umri na hali yako.

Hapa nataka kukiri kosa langu mwenyewe, ili wewe upate kujifunza.

Nilikuwa na mgonjwa wa Changamwe, mzee mstaafu wa bandarini. Kila siku ya kliniki tukimpima sukari ya asubuhi kabla hajala, ilikuwa nzuri, 6 na kitu. Nami nilimsifu mbele ya wenzake: "Mwangalieni mzee wetu, huyu ndiye mwanafunzi bora!" Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku moja alikuja na kidonda kwenye kidole cha mguu ambacho hakukihisi hata kilipoanza. Akafanyiwa kipimo cha miezi mitatu. Kikarudi asilimia 11.

Nikamwuliza kwa ukali. Akanitazama kwa unyonge, akasema: "Mwanangu, damu imenichongea." Ndipo akanieleza. Vidonge vya mwezi mzima hakuwa akiweza kuvinunua, kwa hivyo alikuwa akinunua vya siku tano, anavimeza karibu na kliniki, na siku hizo tano anakula kwa adabu. Siku zilizobaki alijiachia. Hakutaka kusema, kwa sababu mimi nilikuwa nikimsifu mbele ya watu, na aliona haya kuniangusha.

Msikilizaji, mzee yule alipoteza vidole viwili vya mguu. Tangu siku hiyo sianzi kumsifu wala kumkaripia mgonjwa kabla sijamwuliza: "Dawa unazipata? Zinakutosha? Usipozipata unafanyaje?" Na wewe uliye mgonjwa nakuomba usimfichie muuguzi wako. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kama shida ni pesa, sema. Mara nyingi iko dawa ya bei nafuu, au kituo cha serikali ambako utaipata. Ukinyamaza, vidonge utavificha lakini lami haifichiki.

Kuna angalizo moja muhimu kwetu sisi watu wa Pwani. Kwetu huku ugonjwa wa selimundu na watu wanaoubeba ni wengi, na upungufu wa damu pia. Mwenye selimundu chembe zake nyekundu hufa mapema, hazikai siku 120, kwa hivyo kipimo cha miezi mitatu kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Kama wewe au ndugu zako mna selimundu, au una upungufu wa damu, au uliongezewa damu hivi karibuni, mwambie daktari kabla ya kipimo. Ataangalia njia nyingine.

Sasa tufanye nini? Andika mambo manne.

La kwanza, hesabu vijiko. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, yaani kama vijiko 12 vidogo visivyo na kichuguu, na ikiwa 6 ni bora zaidi. Yule mama alikuwa na vijiko vitatu kwa kikombe, na vikombe vinne kwa siku. Tayari amemaliza 12, hajagusa hamri wala sharubati. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea.

La pili, pumzisha mwili. Kula kwa nyakati, si kutafuna mchana kutwa. Chakula cha usiku kiwe mapema, kisha funga jiko mpaka asubuhi. Sahani yako nusu iwe mboga, mchicha au kisamvu, robo samaki au maharagwe, robo wali, ugali au muhogo. Wanaofunga Ramadhani wanalijua pumziko hili. Lakini ukifungua kwa kaimati za shira, tende kumi na mbili na jagi la sharubati, umelipa deni lote kwa dakika kumi.

Hapa nasisitiza sana: aliye kwenye insulini au kwenye glibenklamidi asifunge kabla hajaonana na daktari, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Ikitokea, mpe maji ya sukari mara moja maadamu anaweza kumeza, hata kama amefunga. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali haraka. Mama mjamzito, mtoto, na mtu aliyekonda kwa ugonjwa wasijinyime chakula kwa sababu wamesikia habari za hamira.

La tatu, tembea. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Yaani miguu ilishinda kidonge. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya kwako. Baada ya chakula cha jioni usijinyooshe kwenye kochi, zunguka mtaa dakika kumi. Lakini kama tayari una kisukari usiache dawa ati kwa kuwa unatembea. Miguu na dawa ni ndugu.

La nne, pimwa. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na presha. Akibisha hodi kwako, mfungulie, umwulize kama kifaa anacho. Ikiwa una zaidi ya miaka 40, au una kitambi, au mzazi wako ana kisukari, usingoje kuumwa. Aliye na kisukari akaguliwe macho kila mwaka na aitazame miguu yake kila usiku, hata katikati ya vidole.

Kabla sijamaliza, kuna swali ninaloulizwa sana: "Sista, kama hamira inafundisha siri ya ujana, je, niimeze?" Hapana. Hamira kwenye hamri imekwisha kufa kwa moto, na hamira mbichi itakujaza gesi tumboni. Sisi tunajifunza kwake, hatuinywi.

Na ukikutana na mtu kwenye feri au stendi anauza chupa ya kurudisha ujana, mkumbuke huyu. Hamira ina protini nyingine, Sir2, ambayo kazi yake ni kufuta alama za asetili. Mwaka 1999 ilionekana kwamba hamira iliyoongezewa protini hii huishi zaidi. Mwaka 2003 ikatangazwa kwamba kitu fulani kilichomo kwenye zabibu huiamsha. Dunia ikasisimka. Mwaka 2008 kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline ilitoa dola milioni 720 kununua kampuni iliyokuwa ikitafuta dawa kwa njia hiyo. Wataalamu wengine waliporudia majaribio hawakuona yaliyoahidiwa, na hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kumzuia binadamu asizeeke. Kama wenye mamilioni ya dola hawakukipata, huyu wa shilingi 200 amekipata wapi?

Mnataka kujua yule mama wa Mtongwe anaendeleaje. Alianza dawa, akapunguza vijiko hadi kimoja, na jioni anatembea na dada yake mpaka baharini na kurudi. Kipimo chake cha kwanza cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 10.2. Cha pili kilikuwa 8.1. Bado hatujafika, lakini njia ni ile ile. Macho yake yalikaguliwa, na jicho moja linangoja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Lami iliyokwisha kupakwa huko haifutiki kwa kutembea, nami sikumdanganya. Lakini damu yake ya leo si ile ya mwaka jana, kwa sababu chembe zile zilizoshikwa na sukari zimekufa na nyingine mpya zimezaliwa.

Na hilo ndilo ningependa ubaki nalo, msikilizaji. Kila baada ya miezi mitatu minne Mungu hukupa damu mpya. Uipake lami au uiache safi, chaguo hilo liko kwenye kijiko chako, kwenye miguu yako, na kwenye ukweli unaomwambia muuguzi wako.

Mahamri hajaacha kuuza, maana ndiyo riziki yake. Ila siku hizi yeye mwenyewe hula moja, si manne.

Mimi nakuaga hapa. Mpe salamu jirani yako, na umwulize kama amewahi kupimwa. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaheri.